Kalsiamu ya mzazi wako: namna ya kupima, kusoma cheti na kujua la kufuata

Desemba Moshi hujaa. Watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma wanapanda Marangu, Machame na Rombo kuwaona wazazi, na baada ya sikukuu wengi hushuka mjini na mama au baba kwa nia ya "kumpima kila kitu" kabla likizo haijaisha. Nafanya kazi ya maabara hapahapa Moshi. Kipindi hicho kipimo cha kalsiamu huombwa sana, na majibu yake husomwa haraka mno. Mama anaumwa mapaja na nyonga, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Cheti kinaonyesha kalsiamu 2.25, imo ndani ya kiwango. Familia inamshukuru Mungu, inanunua kopo la vidonge, inaondoka. Mama anabaki na maumivu yaleyale.

Namba ya kalsiamu ya damu haipimi mifupa. Inapima damu, na mwili uko radhi kuubomoa mfupa ili namba hiyo isishuke. Ukilishika hilo, mengine yote ninayoandika hapa yatakaa mahali pake. Naandika kwa ajili ya mtoto anayempeleka mzazi kupima. Daktari ndiye atakayetibu, ila wewe ndiye unayekaa na cheti mkononi, na ndiye unayejua mama anakula nini, anakunywa maji ya wapi, na ana vidonge gani kwenye droo ya kabati.

Kwa nini namba haishuki

Mtu mzima ana takriban kilo 1 ya kalsiamu mwilini. Asilimia 99 iko kwenye mifupa na meno. Kinachozunguka kwenye damu ni kidogo sana, lakini hicho kidogo ndicho kinachowezesha moyo kupiga, misuli kukaza na kulegea, na damu kuganda. Ndiyo maana jumla yake kwenye damu hubanwa ndani ya mipaka myembamba, kati ya milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita, na tofauti ndogo kutoka maabara moja hadi nyingine.

Walinzi wa mipaka hiyo ni tezi 4 za parathiroidi, kila moja ina urefu wa milimita chache, zimejificha nyuma ya thairoidi, ile tezi ya shingo inayovimba mtu akipata goita. Ni ndogo kiasi kwamba wachunguzi wa miili ya watu walizipita kwa karne nyingi, hadi Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, alipozieleza mwaka 1880 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Damu ikipungukiwa kalsiamu hata kidogo, tezi hizi hutambua papo hapo na kumwaga homoni ya parathiroidi, ambayo kwenye cheti utaiona imeandikwa PTH.

PTH inafanya kazi tatu. Inausukuma mfupa utoe kalsiamu. Inazisukuma figo zirudishe kalsiamu iliyokuwa inaelekea kwenye mkojo, na wakati huohuo zitupe fosfeti, madini mwenza wa kalsiamu kwenye mfupa. Tena inazifanya figo zilezile ziikamilishe vitamini D, ili utumbo uweze kunyonya kalsiamu ya chakula. Vitamini D yenyewe huanzia kwenye ngozi inapopigwa na jua, hupita kwenye ini, halafu figo huimalizia. Mwenye figo zilizochoka anaweza kuota jua kila siku na bado akakosa ile iliyokamilika.

Sasa mfikirie mama wa miaka 70 ambaye magoti yamemfungia ndani, anakunywa chai ya rangi kwa sababu ng'ombe aliuzwa, chakula chake ni ndizi na ugali. Utumbo hauna cha kunyonya. PTH inapanda na kubaki juu mwezi hadi mwezi. Mfupa wake ni kihenge kinachochotwa kila siku bila mtu kurudisha nafaka. Ukipima damu, kalsiamu ni 2.25. Imekaa sawa kwa sababu mfupa unailipia.

Kuna homoni nyingine, kalsitonini, inayotoka kwenye thairoidi na kushusha kalsiamu. Kwa binadamu mchango wake ni mdogo. Waliotolewa thairoidi yote hawapandi kalsiamu kwa kuikosa. Usisumbuke nayo.

Kabla ya kwenda kupima

Kusanya dawa zote za mzazi kwenye mfuko mmoja, pamoja na virutubisho na dawa za mitishamba, uende nazo. Baadhi zinaingilia moja kwa moja hesabu tunayotaka kuifanya. Vidonge vya presha vya kukojosha vya kundi la thiazidi, kama bendrofluazidi, huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo na vinaweza kuipandisha kwenye damu. Omeprazoli ikitumika miaka mingi inaweza kushusha magnesiamu, na tezi za parathiroidi zikikosa magnesiamu hushindwa kutoa PTH. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitali huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D. Prednisoloni na deksamethasoni hudhoofisha mfupa zikitumika muda mrefu. Wapo wanaozinunua duka la dawa ili wanenepe, na wazazi huwa hawasemi mpaka waulizwe kwa upole. Usimwachishe mzazi dawa yoyote kwa sababu ya maneno haya. Mwonyeshe daktari, yeye ndiye atapima uzito wa kila moja.

Halafu muombe daktari aandike vipimo hivi vitoke kwenye damu ya asubuhi moja: kalsiamu, albumini, fosfeti, ALP (kimeng'enya cha mifupa na ini), kreatinini (kipimo cha figo) na magnesiamu, pamoja na PTH na vitamini D ya damu. Nasisitiza asubuhi moja. PTH ya leo na kalsiamu ya mwezi uliopita hazisomeki pamoja, maana moja inajibu nyingine dakika kwa dakika. Fedha zisipotosha, anza na zile sita za kwanza, ambazo si ghali sana. Lakini kalsiamu ikitoka juu au chini, au ALP ikiwa imepanda, nakusihi usiiruke PTH. Si kila maabara inaifanya, hivyo uliza kwanza kwa simu kabla hujamtoa mzee Rombo.

Kwenye kiti cha kutolea damu angalia mambo mawili. Mpira wa mkononi usikae umekazwa muda mrefu, na mzazi asifumbate na kufumbua ngumi mara nyingi, kwa sababu damu iliyozuiliwa hujikusanya na kalsiamu hupanda isivyo kweli. La pili ni chupa. Ile ya kifuniko cha zambarau ina kemikali inayoshika kalsiamu yote ili damu isigande, kwa hiyo kalsiamu haipimwi humo kamwe. Niliwahi kuletewa cheti kutoka maabara moja, kalsiamu 0.6 na potasiamu 14. Mwenye cheti alikuwa ameketi mbele yangu ananisimulia habari za mibuni yake. Mtu mwenye namba hizo kweli hawezi kuwa hai. Damu ilichukuliwa kwenye zambarau, na kemikali ile ina potasiamu ndani yake. Ukiona kalsiamu chini kupindukia na potasiamu juu kupindukia kwenye cheti kimoja, naye mgonjwa anaongea vizuri, omba irudiwe siku hiyohiyo. PTH yenyewe hutunzika vizuri kwenye zambarau, hivyo usishangae kuona chupa za rangi mbili.

Na ile mashine ndogo ambayo mzee hushikishwa fimbo ya chuma kiganjani, halafu inatoa kurasa za ripoti ya mifupa, ini na figo? Haipimi kalsiamu. Hakuna kalsiamu ya damu inayopimwa bila damu. Nimekutana na wazee waliouza mbuzi kulipia makopo waliyoshauriwa kununua baada ya ripoti hiyo, na jambo hilo linaniuma sana.

Kusoma cheti

Angalia kwanza kipimo kimeandikwa kwa mizani ipi. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa desilita. Gawa kwa 4 upate milimoli kwa lita. Kalsiamu 10 kwa mizani ile ni 2.5 kwa hii.

Kisha irekebishe kwa albumini. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu husafiri imeshikana na vitu vingine, hasa protini ya albumini. Inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Mzee aliyedhoofu ana albumini ndogo, kwa hiyo jumla ya kalsiamu yake huonekana ndogo hata kama iliyo huru inatosha. Hesabu ni hii: chukua 40, toa albumini yake kwa gramu kwa lita, zidisha kwa 0.02, halafu jumlisha na kalsiamu iliyoandikwa. Mama ana kalsiamu 2.05 na albumini 28. Arobaini toa 28 ni 12, mara 0.02 ni 0.24, jumla 2.29. Hana upungufu. Sasa mwingine ana 2.55, ambayo kila mtu angeipita, na albumini 30. Ongeza 0.20, inakuwa 2.75. Huyo kalsiamu yake iko juu, na cheti hakikuweka alama yoyote ya kuonya. Kwa wagonjwa mahututi hesabu hii si ya kutegemea; huko hupimwa kalsiamu huru yenyewe.

Baada ya hapo weka kalsiamu na PTH bega kwa bega. Hapa ndipo pa kukaa na kutulia.

Kalsiamu iko juu na PTH iko juu: tezi zenyewe ndizo zenye tatizo. Mara nyingi ni moja kati ya nne iliyoota uvimbe usio saratani na kuendelea kumwaga homoni bila kusikiliza damu. Hata PTH iliyo ndani ya kiwango inatia shaka hapa, kwa sababu kalsiamu ikipanda PTH ilitakiwa ishuke kabisa. Wagonjwa hawa hupata mawe ya figo, choo kigumu, kiu, uchovu, huzuni isiyo na sababu, na mifupa inayochakaa. Wengi ni akina mama waliokoma hedhi. Upasuaji wa kuondoa tezi moja mbovu huponya wengi wao.

Madaktari walichelewa kulielewa hili. Kule Vienna mwaka 1925, Felix Mandl alikuwa na mgonjwa, kondakta wa tramu aitwaye Albert Jahne, ambaye mifupa yake ilikuwa imeharibika vibaya. Fikra ya wakati huo ilikuwa kwamba tezi huvimba ili kuusaidia mfupa mgonjwa, kwa hiyo Mandl alianza kwa kumwongezea tezi ya parathiroidi. Haikusaidia. Ndipo akaifungua shingo, akatoa uvimbe, na mgonjwa akapata nafuu hata akaweza kutembea. Tangu hapo ikajulikana kwamba PTH iliyozidi ndiyo iliyokuwa ikila mfupa.

Kalsiamu iko juu na PTH iko chini: tezi zinafanya kazi yake, zimezima, na kalsiamu inatoka kwingine. Jambo hili linataka haraka. Daktari atatafuta saratani, ya matiti, mapafu, au ile ya uboho inayoitwa maieloma. Ataulizia vitamini D iliyozidishwa kwa vidonge. Na asisahau TB, kwa sababu chembe za kinga zinazopambana na TB zinaweza kutengeneza vitamini D iliyokamilika bila idhini ya figo. Sisi tunaoishi jirani na migodi ya Mirerani na hospitali ya Kibong'oto inayotibu TB hatuna sababu ya kuisahau.

PTH iko juu na kalsiamu ni ya kawaida au chini kidogo: huyu ndiye mama wa Desemba. Geukia fosfeti. Ikiwa chini, na ALP imepanda, vitamini D haitoshi na mfupa mpya unajengwa bila madini ya kutosha. Huo ni osteomalasia: maumivu ya mapaja, nyonga na mbavu, misuli ya mapaja kukosa nguvu, kutembea kwa kuyumba kama bata. Unatibika vizuri, na ndiyo maana inanisikitisha kuona watu wanaishi nao miaka wakidhani ni uzee. Fosfeti ikiwa juu na kreatinini imepanda, chanzo ni figo. Vidonge vya kalsiamu vya kujinunulia hapa vinaweza kudhuru, mpeleke kliniki ya figo.

Kalsiamu chini na PTH chini: muulize kama aliwahi kupasuliwa goita. Tezi hizi ndogo zinaweza kuumizwa au kutolewa pamoja na thairoidi. Kama hakupasuliwa, tazama magnesiamu.

Na kama vyote viko sawa, PTH, fosfeti, ALP na vitamini D? Bado hujaimaliza habari ya mifupa. Osteoporosi, ule ugonjwa wa mfupa kupungua ujazo na kuvunjika kirahisi baada ya kukoma hedhi, kwa kawaida hauonekani kwenye vipimo hivi hata kimoja. Hupimwa kwa mashine ya mionzi hafifu inayoitwa DXA, na tangu 1994 Shirika la Afya Duniani hutumia alama ya kipimo hicho (T-score) ya −2.5 au chini yake kuutambua. Usisubiri mashine ikiwa dalili iko wazi. Mzee aliyevunjika nyonga au kifundo cha mkono kwa kuanguka tu akiwa amesimama sebuleni amekwisha kukuonyesha hali ya mifupa yake. Wakishamfunga plasta au kumpasua, uliza: mfupa wenyewe unatibiwa na nani?

Kama mnaishi upande wa Meru

Ukweni kwangu ni Maji ya Chai, na huko swali la maji huja kabla ya swali la maziwa. Miamba ya volkeno ya Mlima Meru hutoa floraidi kwenye chemchemi, mito na visima vingi vya Arumeru, mara nyingi zaidi ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ndiyo ishara ya kwanza, kwa waliokunywa maji hayo utotoni. Ikiendelea kwa miaka, floraidi huingia ndani ya madini ya mfupa yenyewe na kuchukua nafasi isiyo yake. Kwenye eksirei mfupa huonekana mzito na mweupe, ilhali ni mgumu bila uimara. Mgongo hukakamaa, viungo havikunjuki, watoto hupinda miguu. Anayekula kalsiamu kidogo huumia zaidi, maana PTH yake hupanda, na mfupa unavutwa huku na huku.

Kwa hiyo kama mzazi amekaa upande huo, mwambie daktari hata kama hakuuliza. Peleka maji ya nyumbani yapimwe floraidi. Usichemshe ukidhani unaitoa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yanapopungua sufuriani floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Tenganisha maji ya kunywa na kupikia na yale ya kufulia. Ya kunywa yatafutiwe chanzo kingine, na ya mvua yakikingwa kwa bati safi yanafaa. Au yachujwe kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo Wizara ya Maji imeifanyia kazi kwa miaka katika kituo chake cha Ngurdoto. Mkaa ule hufanya kazi kwa sababu madini ya mfupa huivuta floraidi na kuishika, jambo lilelile linalotokea ndani ya mwili wa mnywaji. Ukishajaa haushiki tena, lazima ubadilishwe.

Kitu kingine ni magadi. Yale ya kuokotwa ziwani yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Najua kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, bila magadi kinabishaniwa katika kila jiko la Uchagani. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, pika bila magadi. Kwa mtoto mdogo na kwa mgonjwa wa figo, ambaye hawezi kuitoa floraidi vizuri kwenye mkojo, hili sioni la kubishania.

Mjukuu mwenye matege naye apimwe, asiitwe tu "mtoto wa Meru". Miguu ya mtoto kupinda kidogo kabla ya miaka 2 ni kawaida. Ikipinda zaidi baada ya hapo, vifundo vya mikono vikivimba, au akichelewa kutembea, apigwe eksirei ya kifundo na apimwe ALP. Kuna matege ya kukosa vitamini D, hasa kwa watoto wanaofunikwa na kufungiwa ndani miezi mingi ya mwanzo. Kuna pia ya kukosa kalsiamu yenyewe: utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto wenye matege wakipata nafuu kwa kupewa kalsiamu, hata bila vitamini D. Uji wa mahindi mtupu asubuhi na jioni unatosha kuyaleta.

Chakula, jua na vidonge

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 ina karibu 300. Dagaa wa kuliwa wazima na mifupa yao ni wazuri sana, na soko la Mbuyuni wanapatikana mwaka mzima. Ulezi una karibu miligramu 340 kwa gramu 100, nafaka nyingine haziufikii. Uloweke au uchachushe uji ili kalsiamu isishikiliwe. Mchicha una kalsiamu, ila una pia oksaleti inayoizuia kunyonywa. Sukuma wiki inakupa zaidi. Kuhusu mtori na supu ya mifupa, nasema kwa heshima zote kwa mama zetu: vinatia nguvu, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kwa kuchemsha ni kidogo mno. Usivihesabu.

Jua la saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndilo lenye mionzi inayotengeneza vitamini D. Mikono na miguu iwe wazi, na mzee akae nje. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, na ngozi ya mzee hutengeneza kidogo. Juni hadi Agosti, mawingu ya Moshi yanapokaa siku nzima, jua peke yake halitoshi kwa mtu ambaye hatoki.

Ukifika kwenye vidonge, soma nyuma ya kopo. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500. Kinywewe pamoja na chakula, na kalsiamu halisi isizidi miligramu 500 kwa mkupuo kwa sababu utumbo haunyonyi zaidi. Kitenganishwe kwa saa 4 na dawa ya thairoidi, na kisikutane na vidonge vya madini ya chuma wala antibaotiki kama siprofloksasini na doksisiklini. Vitamini D ya uniti 50,000 si ya kila siku. Hiyo hupangwa na daktari kwa wiki au mwezi. Mwenye kalsiamu iliyo juu, historia ya mawe ya figo au ugonjwa wa figo asianze chochote bila kuonwa.

Akiandikiwa alendroneti kwa ajili ya osteoporosi, ile ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, hakikisheni kwanza kalsiamu na vitamini D vimerekebishwa na figo zimepimwa. Dawa hii huzuia mfupa usichotwe, na mwili uliokuwa ukiishi kwa kuuchota unaweza kushuka kalsiamu ghafla. Inywewe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha mzee akae wima au atembee nusu saa bila kula wala kulala, ili kidonge kisimuunguze koo.

Dalili zisizosubiri miadi

Ganzi au kuchomwachomwa kuzunguka midomo na kwenye vidole, mikono kujikunja yenyewe kwenye vifundo, koo kubana, degedege: kalsiamu inaweza kuwa imeshuka mno. Aliyetoka kupasuliwa goita siku hizi za karibuni akionyesha hata moja, mrudishe hospitali usiku huohuo. Huko atapewa kalsiamu kwa mshipa.

Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kutapika, choo kukauka, kisha mzee anaanza kuchanganyikiwa au kulala mchana kutwa: kalsiamu inaweza kuwa imepanda. Ikisomeka zaidi ya 3.0 mpeleke siku hiyohiyo, na ikizidi 3.5 ni dharura hata kama anaongea. Tiba huanza na maji mengi ya dripu.

Kwa wengine wote, rudieni vipimo baada ya miezi 3, maabara ileile, asubuhi, PTH na kalsiamu pamoja. ALP huchukua miezi kushuka, hivyo msikate tamaa ikiwa bado juu wakati mama ameshaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Tunzeni vyeti vyote kwenye bahasha moja, na anayebaki na mzazi kijijini ajue ilipo.